Kovu la Kitovuni

Raila, Kibera
Jumanne, 11 Machi 2025

Wangoi wa kitanda cha saba,

Usishtuke ukikuta karatasi kwenye mfuko wa gauni. Ni mimi Mildred, wa kitanda cha nane. Nimeona afadhali nikuandikie kwa mkono kwa sababu simu yangu si yangu peke yangu. Mtoto wangu Mitchelle anaisomea, baba yake anaitumia kutafuta kazi za mjengo, na wamama wa kanisa wamejaza meseji humo mpaka inakwama. Nikikuandikia huko, Raila nzima itasoma kabla yako. Kwa hiyo kila Jumanne nikikutumia magauni ya mitumba ya soko la Toi uyapunguze kwenye cherehani yako, pekua mifuko. Wepukhulu wa bodaboda haulizi kilichomo kwenye mzigo, mradi ni mwepesi.

Leo ni wiki ya nne tangu tupunguzwe tumbo. Plasta niliitoa mwenyewe bafuni nikiwa nimefunga mlango kwa ndoo. Ulisema kweli. Kitovu changu ni kitovu tu, kama cha mtu yeyote. Unakumbuka Daktari Githinji alivyonieleza mara mbili? Kwamba matundu matano madogo ndiyo salama zaidi kwa mtu mwenye mwili wangu, na kwamba tundu moja la kitovuni ni kazi ngumu, na baadaye pale panaweza kulegea utumbo ukatokeza. Wewe ukaninong'oneza, "Chagua ya kitovu, hiyo inajificha." Nikachagua ya kitovu. Aliponiuliza sababu nikamwambia napenda kuvaa vizuri. Uongo mtupu! Nani atanitazama tumbo, mama wa miaka thelathini na tisa? Nilitaka mume wangu Jeconia asione.

Yeye anajua nilikuwa Homa Bay kwa dada yangu aliyejifungua. Sukari yangu anaijua, lakini hajui kwamba ilikuwa inaelekea kunila miguu kama ilivyomla mama yangu. Na ningemwambiaje? Jeconia ni fundi wa mawe. Akipata kibarua siku tatu kwa wiki anashukuru. Ila wenzake wakimwambia, "Bibi yako anang'aa, kumbe mjengo inalipa," anacheka wiki nzima. Mwili wangu ndio cheti chake kwamba analisha nyumba. Halafu nimwambie nimekwenda kukatwa ili nisile? Hapa Raila watu wanalala njaa, Wangoi. Mlango wa pili kutoka kwangu kuna watu walikunywa chai kavu jana, wakalala. Mimi nimelazwa kitandani bure kwa mpango wa kliniki ya sukari, nikapigwa sindano, nikakatwa ili chakula kisiniingie. Naona aibu hata kuomba kabla ya kula.

Niambie kidonda chako kinaendeleaje. Sijasahau ulivyolia ulipoamka.

Ni mimi,
Mildred Adero


Kawangware
Jumanne, 18 Machi 2025

Mama Mitchelle,

Karatasi yako nusura niishone ndani ya pindo! Siku nyingine niwekee hata pini nyekundu.

Kidonda kimefunga. Sasa limebaki kovu, na kovu lenyewe ni la kuhuzunisha. Mimi nilichagua matundu matano, nikaamkia mpasuko mmoja kutoka chini ya kifua hadi kitovuni. Daktari hana kosa, aliniambia mapema kwamba ile operesheni ya utotoni huenda ilinigandisha matumbo, na wakikuta hivyo watafungua. Nikatia sahihi, nani husoma karatasi hizo? Lakini mimi ni fundi wa nguo, Mildred. Kila asubuhi nikijitazama naona mshono uliopinda na siwezi kuufumua.

Mchumba wangu Kagiri hajaona. Wazee wao watakuja kwa baba mwezi wa nane kuanza mambo ya mahari. Nimemwambia nimeweka nadhiri ya kutoguswa hadi harusi, na yeye amefurahi, anawasimulia vijana wa kanisa. Baba naye aliwaambia wapangaji wetu kwamba nilikwenda Nyeri kutunza shangazi. Yeye Mzee Naftaly mwenye ploti nne za kupangisha, binti yake alikuwa mnene hadi hapiti kwenye mlango wa choo cha wapangaji. Hilo hataki lisemwe.

Kwa hiyo usinililie wewe mwenye tumbo laini. Nyamaza, kula kidogo kidogo, na ukikonda sema ni kutembea kwenda Toi.

Wangoi


Raila
Jumanne, 10 Juni 2025

Wangoi,

Kutembea kwenda Toi hakumpunguzi mtu kilo thelathini na moja. Hakuna aliyenisadiki.

Sukari imeshuka, hilo nimshukuru Mungu. Kliniki wamenisimamisha vidonge vyote. Lakini mashavu yameingia, shingo imelegea, na nguo zangu zote nimezifunga na pini. Unajua wanasemaje huku? Wanasema nimekanyaga waya, yaani nina virusi vya Ukimwi. Lisemwalo lipo, wanasema, kama halipo laja. Juzi mteja alitaka kujaribu blauzi, akaniona naivua mimi ili nimpe, akasema ameghairi. Jirani yangu wa kibanda siku hizi amejinunulia vikombe vyake vya chai, hataki tena kunywea changu.

Na nyumbani ndiko kubaya. Jumamosi Jeconia huleta samaki au matumbo, na anakaa mbele yangu mpaka nianze kula. Mimi vijiko vinne vimenitosha, cha tano kinarudi. Basi namsubiri ageuke, namwaga kwenye karatasi ya nailoni, naenda kutupa chooni. Chakula, Wangoi! Chakula cha mtu aliyebeba mawe! Nikirudi ananiuliza kama nimeshiba, namwambia nimeshiba sana, na hapo pekee ndipo ninaposema kweli.

Amehama kitanda. Analala kwenye kochi, anasema ni mgongo. Hanipigi, hanitukani, haulizi kitu. Afadhali angeuliza.

Mildred


Kawangware
Jumanne, 17 Juni 2025

Mama Mitchelle,

Sikiliza shauri langu. Operesheni hukondesha mtu, hata mtoto mdogo anajua. Sema ulikatwa kwa ajili ya vidonda vya tumbo kule Homa Bay, na hukutaka kuwapa watu wasiwasi. Hapo hutakuwa umedanganya sana, si ulikatwa kweli? Nusu ya ukweli inatosha kuziba midomo ya wamama wa kanisa.

Magauni mawili ya maua nimeyapunguza kiunoni. Moja lina doa begani, mwenye kulinunua asimame upande wa kivuli.

Wangoi


Raila
Jumanne, 8 Julai 2025

Wangoi,

Nimelifuata shauri lako. Sasa soma uone limenifikisha wapi.

Jumapili baada ya ibada wamama walikuja kunitembelea kama wanavyomtembelea mgonjwa. Walileta sukari, sabuni, unga, na sufuria ya samaki wa ngege waliopakwa nazi. Mama Audrey ndiye kiongozi wao, na ndiye aliyenipakulia. Nikala vipande vitatu. Cha nne kikarudi mbele yao wote, kwenye beseni. Wakatazamana. Nikaona ndiyo nafasi, nikasema ile hadithi ya vidonda vya tumbo na operesheni ya Homa Bay.

Mama Audrey akasema, "Pole sana, mami. Tuonyeshe basi mahali walikata tukuombee hapo hapo. Mimi nimekatwa mara tatu kwa uzazi, kovu naijua."

Ningefanya nini? Nikainua blauzi. Wangoi, walisogea wote. Mmoja akatoa miwani kwenye mkoba. Wakalitafuta kovu kwenye tumbo langu kama watu wanaochambua mchele, juu, chini, ubavuni. Nikasema walipitia kitovuni. Mama mmoja akaropoka, "Kwa kitovu? Kwani ulikuwa unazaliwa?" Wenzake wakamtazama vibaya.

Kama wangecheka ningewajibu. Mama Audrey alinishusha blauzi polepole, akanipapasa mkono, akaanza wimbo. Wakaniombea wakilia. Wakaomba dada yetu apewe nguvu ya kuikubali hali yake na kumeza dawa bila kuona haya. Nami nikasema amina. Na nilipofumbua macho, Jeconia alikuwa amesimama mlangoni na kofia mkononi, amesikia yote.

Jana ameondoka. Amesema amepata mjengo Kisumu wa wiki tano. Hakunitazama usoni. Ndugu yake Oluoch kafuatana naye na wamebeba vyombo vyote vya kazi. Najua maana yake. Mwanaume akimwonea haya mkewe huanza hivyo, anapata kazi mbali, halafu ukoo unakuja kukuambia urudi kwenu.

Mimi nilichagua kukatwa mahali pasipoonekana kwa sababu ya aibu, na sasa ndiyo aibu yenyewe. Ningechagua yale matundu matano, leo ningekuwa na mahali pa kuonyesha kidole. Nakuomba uje Jumapili. Wewe una kovu la kuonekana na mtu asiye na macho. Waonyeshe Mama Audrey na wenzake, uwaambie tulilazwa pamoja, sisi wote wawili. Watakuamini. Sina mtu mwingine wa kumwomba.

Mildred


Kawangware
Jumanne, 15 Julai 2025

Mama Mitchelle,

Nimeandika barua hii mara tatu nikaichana.

Siwezi kuja. Nusu ya wapangaji wa baba wana ndugu huko Raila. Nikiinua blauzi kwako mchana, jioni Kagiri atakuwa amehesabiwa nyuzi zangu zote. Wiki nne tu zimebaki wazee wao waje. Najua mimi ndiye niliyekwambia uchague ya kitovu, na mimi ndiye niliyekwambia useme nusu. Nimeona haya kuliko unavyofikiri, lakini sikuja kwa sababu naogopa, sitakudanganya eti cherehani imeharibika.

Mwambie Jeconia. Akirudi mwambie.

Wangoi


Kawangware
Jumanne, 12 Agosti 2025

Mama Mitchelle,

Jumanne nne sijapata magauni yako, na nikimwuliza Wepukhulu anasema hujampa mzigo. Nina haki gani ya kuuliza, lakini nauliza.

Nimekushonea gauni la buluu kwa kukisia mwili wako wa sasa. Nimeliweka mfukoni hili ninalopaswa kukwambia. Tafadhali umwambie mumeo yote, na kama ulimi unakataa basi mpe karatasi hii asome. Kwamba tulilazwa pamoja mwezi wa pili. Kwamba daktari alikupunguza tumbo kwa sababu ya sukari, alipitia kitovuni, na ndiyo maana hakuna anayeona kovu. Kwamba huna virusi. Kwamba ulificha kwa sababu yeye hujivunia unene wako na hukutaka aone umekataa chakula chake. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Mimi naficha wangu na sijui nitazaa nini, ila wewe una nyumba ya kuokoa.

Nisamehe,
Wangoi


Raila
Jumanne, 19 Agosti 2025

Dada Wangoi,

Wewe hunijui. Mimi ni Jeconia, mume wa Mildred. Mtu wa boda alileta gauni la buluu mke wangu akiwa Toi. Nililikunjua nikaona jinsi lilivyo dogo, nikatia mkono mfukoni bila kufikiri. Nimesoma. Sijamwambia kwamba nimesoma, kwa sababu naogopa nikifungua mdomo nitasema vibaya.

Mimi si mtu wa kuandika, lakini nataka ujue jambo hili.

Mwanzo wa mwezi wa tano nilikwenda kupimwa virusi. Nikapimwa tena baada ya wiki mbili, halafu tena. Mara zote walisema sina kitu. Nikajua basi yeye aliupata ugonjwa huo Homa Bay. Nilikasirika siku tatu, nikiwa kazini nikavunja mawe ya watu vibaya. Siku ya nne nikasema huyu ni mama ya Mitchelle, nitakaa naye. Nikahamia kochi kwa sababu nilikuwa nalia na sikutaka asikie kitanda kikitikisika. Nilitafuta dawa zake kwenye kila mkebe ndani ya nyumba, sikupata hata kidonge kimoja. Nikafikiri amekataa kutumia dawa na ameamua kufa. Ndiyo maana nilikuwa naleta nyama. Niliambiwa mtu wa namna hiyo ale.

Kisha nikasikia wale wamama wakiomba.

Dada, wewe ni mtu wa Kawangware, huenda hujui mambo yetu. Kwetu mwanamke aliyeolewa huzikwa dala, nyumbani kwa mume, na ni lazima awe na nyumba yake pale. Mimi nimejenga nyumba za watu miaka ishirini, lakini yangu ya nyumbani sijawahi kuisimamisha. Angekufa, ningempeleka wapi? Ningeomba ndugu zangu wafanye kibanda cha nyasi usiku kabla ya maiti kufika, na watu wangesema maisha yote kwamba mke wa fundi alizikwa kama mgeni. Sikuwa Kisumu. Nilikuwa kwetu Bondo na Oluoch. Tumejenga vyumba viwili, mabati mapya, sakafu ya simiti. Kila aliyepita njiani aliuliza nyumba ya haraka hivi ni ya nini, na mimi nikawaambia. Mama yangu ameshachagua mahali pa kaburi upande wa kulia wa mlango.

Sasa nasoma kwamba alikuwa anatupa samaki wangu chooni.

Sijui nikasirike au nifanye nini. Ukoo mzima wanajua mke wangu anakufa, nimewaambia kwa mdomo wangu. Nakuomba unijibu swali moja tu, na usinifiche. Mildred anakufa au hafi?

Jeconia


Kawangware
Jumatano, 20 Agosti 2025

Baba Mitchelle,

Hafi. Sukari imeshuka, vidonge vya sukari amesimamishwa, ndiyo sababu hukupata kidonge ndani ya nyumba. Chakula chako alikitupa kwa sababu tumbo lake sasa ni dogo kama la mtoto mchanga, na alikuwa anaogopa kukuambia. Mwambie akuonyeshe kitovu. Ukitazama ndani kabisa utaona mstari mdogo mweupe.

Haya nilipaswa kuja kuyasema mwezi wa saba kwa mdomo wangu, nikiwa nimesimama. Niliogopa kwa ajili ya ndoa yangu, nikaiacha yako iungue.

Wangoi


Raila
Jumanne, 2 Septemba 2025

Wangoi,

Jeconia amenipa barua zote, zako mbili na nakala ya yake. Aliinakili kabla ya kuituma, akisema hataki siku moja akane aliyoandika. Alinipa nisome akaenda kukaa nje. Nilipomaliza nikamwita, nikamwonyesha. Aliinama akatafuta muda mrefu, mwishowe akauona ule mstari. Akasema tu, "Ni hii?" Kisha akavaa kofia akatoka, akarudi baada ya saa mbili na kusema twende nyumbani, Bondo, watu wa ukoo waniangalie kwa macho yao.

Kuhusu Kagiri sikushauri lolote. Mimi si mtu wa kumshauri mtu kuhusu kusema ukweli. Nilikukasirikia mwezi wa saba, sasa nimechoka kukasirika.

Tulifika Ijumaa mchana. Wangoi, hujawahi kuona aibu kama ile. Watu walitoka kwenye boma zao wakasimama njiani kunitazama nikitembea. Mama mkwe alinishika uso kwa mikono miwili, akanipeleka nyuma ya jiko, akasema nifungue. Nikamwonyesha. Akauliza, "Hapa ndipo walitolea njaa yako?" Nikashusha gauni. Akarudi kwa wanawake wenzake akawaambia, wengine wakacheka, wengine wakatema mate chini. Oluoch hakunisalimia. Aliacha kazi yake wiki tano kuja kumwaga simiti kwa ajili ya shemeji anayekufa, na shemeji amekuja kwa miguu yake amevaa gauni la buluu.

Kisha Jeconia akanipeleka kwenye nyumba. Ni nzuri, nakuapia. Kuta zimenyooka, madirisha mawili yamepakwa rangi ya kijani ninayoipenda. Hajawahi kujenga kitu kwa uangalifu hivyo, na alikijenga ili nizikwe ubavuni mwa kuta hizo. Upande wa kulia wa mlango walikuwa wameng'oa majani na kusawazisha udongo, pamebaki peupe. Nilipatazama mpaka nikashindwa.

Tulisimama hapo, ndugu yake akiwa hatua chache nyuma, na Jeconia akaniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, akiniita mama wa mtoto kwa lugha yetu, "Min Mitchelle, kwa hiyo wewe ulifikiri mimi nataka uwe mnene hata kama utakufa?"

Ningeweza kusema hapana. Nimesema uongo miezi yote hii, mmoja zaidi usingenishinda, na angefurahi. Lakini nilikuwa nimechoka sana, Wangoi, na alikuwa ameniuliza vizuri.

Nikasema, "Ndiyo. Nilifikiri hivyo."

Akaketi kwenye kizingiti cha nyumba yangu, akaweka mikono kichwani, akalia mbele ya Oluoch na watu wote waliokuwa wamekuja kutazama. Nisingeweza kuyarudisha yale maneno, yalikuwa ya kweli. Nikaketi kando yake kwenye kizingiti.

Mildred